Barua Niliyoijibu kwa Jina Lako

Kalunde,

Salamu naziruka. Asubuhi umeniamkia ukiangalia ukuta, nami nimeitikia marahaba nikiangalia kikombe, na kwa hali tuliyo nayo mimi na wewe hizo zinatosha kwa siku nzima. Nimefunga duka mchana, jambo ambalo mteja wa hapa mtaani Cheyo hajawahi kulikuta siku ya kazi, ili barua hii uipate saa kumi, jua likiwa bado lipo. Basi lako la Arusha linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukimaliza kusoma utakuwa na mahali pa kwenda leo leo, na sitaki uje kusema hukupata muda.

Nitalisema lenyewe kwanza. Zaituni hakuandika ile barua pepe ya kuikataa nafasi yako ya kazi Arusha. Niliiandika mimi. Niliandika hapa dukani, kwenye kompyuta ya pili, kwa jina lako, nikaituma, kisha nikafuta nilichotuma na barua yao niliyoijibu. Miezi miwili sasa humsemeshi rafiki uliyekua naye tangu darasa la kwanza, kwa kosa langu, na mimi muda wote huo nimekuwa nikikuangalia ukipita upande wa pili wa barabara ili usikutane naye, nikanyamaza.

Kama umeikunja karatasi hapo, ni haki yako. Kama bado unasoma, usitegemee nilainishe maneno. Nimekukasirikia, na hasira yenyewe haijaisha. Nitaieleza pamoja na kosa langu kwa sababu vyote viwili vimo ndani ya mtu mmoja na sijui kuvitenganisha.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutomwachia mtu begi stendi ya Singida, mama yako atakuambia. Amekwisha kuyasema mara nne huku akikufungia michembe ya viazi. Mimi sina la kuongeza huko.

Unaijua ile kaunta buku yenye jalada jekundu. Nimeiandika miaka kumi na tisa. Mtu alikuwa anakuja na fomu ya Kiingereza, ya cheti cha kuzaliwa, ya mirathi, ya hospitali, ya mkopo wa masomo, anaiweka mbele yangu kama anamweka mgonjwa, na mimi namsomea. Kila neno lililonishinda nililiandika, nikauliza kwa watu wanaojua, nikarudi nikaweka maana yake kwa Kiswahili, na mengine kwa Kinyamwezi kwa ajili ya wazee wa vijijini wasiotaka kudanganywa. Watu walitoka Sikonge na Urambo wakiulizia duka la mzee wa maneno. Nilijivuna, ndiyo. Sikuwa na kingine cha kujivunia.

Halafu ukaja na skripti yako. Nikupe haki yako kwanza: ni kazi nzuri. Kiprogramu kidogo tu, umekipachika ndani ya kivinjari, hakionekani mpaka mtu aburute mausi juu ya neno. Neno linageuka bluu, kioo kidogo cha kutafutia kinatokea pembeni, na ukikibonyeza kinaangalia kwanza uko ukurasa gani. Ukiwa kwenye fomu ya serikali kinakwenda kwenye maneno ya kitabu changu, ambayo wewe uliyachapa yote likizo nzima. Ukiwa kwenye gazeti kinakwenda kwenye kamusi. Ukishika jina la kijiji kinafungua ramani. Neno moja la Kiingereza kwenye fomu ya ardhi lina maana hii, kwenye fomu ya hospitali lina maana ile, na skripti yako ilijua tofauti bila kumuuliza mtu.

Bila kumuuliza mtu. Hapo ndipo iliponichoma. Wiki ya pili tu wateja wakaanza kupitisha macho juu ya kichwa changu na kuuliza, "Binti yupo?" Wengine hawakuuliza hata binti, waliketi wenyewe wakaburuta na kubonyeza, wakasoma maneno yangu yaliyotoka mkononi mwangu, wakakushukuru wewe.

Na ile siku uliyonicheka. Unakumbuka? Duka lilikuwa limejaa watu wa fomu za ajira. Mimi nasoma kwa kidole, ndivyo nilivyofundishwa. Katekista wetu kule Ipole alikuwa na fimbo nyembamba, na mtoto aliyesoma bila kuweka kidole chini ya mstari alichapwa kwenye kile kile kidole. Kwenye kompyuta sina pa kuweka kidole, kwa hiyo naburuta mausi mstari hadi mstari, na mistari inageuka bluu mmoja mmoja, na mimi nasoma vizuri tu. Siku hizo kile kioo ulikuwa bado hujakitengeneza, kila kilichoburutwa kilifungua kidirisha chake, na vidirisha vikanitokea usoni kama kumbikumbi.

"Baba, mbona unapaka ukurasa mzima rangi?" ukasema, kwa sauti. "Shika neno moja tu."

"Ndivyo ninavyosoma."

"Sasa hiyo ni kusoma au kupapasa? Unaizingua skripti bwana!"

Watu wakacheka. Dada mmoja mteja alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Wewe pia ulicheka, ukarudi kwenye kazi zako, na jioni ukatengeneza kile kioo ili vidirisha visinisumbue. Ulidhani umemaliza. Hukuomba radhi, na mimi sikuwa baba wa kumwomba mtoto aombe radhi, kwa hiyo hasira nikaiweka moyoni.

Wiki tatu baadaye uliondoka kwenda sokoni ukaacha barua pepe zako wazi kwenye kompyuta ya pili. Niliona neno Arusha. Sikuwa najua kama umeomba kazi Arusha. Mama yako alijua, Zaituni alijua na yeye mwenyewe alikuwa ameomba huko huko akakosa, lakini mimi niliyekaa nawe meza moja kuanzia asubuhi mpaka jioni sikuambiwa. Nikaketi. Nikasoma kwa namna yangu, mstari kwa mstari. Walisema wamekuchagua, ujifunze kwao mwaka mmoja kisha wakuajiri. Walisema wameipenda skripti. Na kwenye mstari wa sita wakasema kilichowavutia zaidi ni hazina ya maneno ya fomu uliyoikusanya.

Uliyoikusanya wewe.

Mpaka leo sijui uliwaandikia nini kwenye maombi yako. Huenda ulinitaja na wao wakaruka, huenda hukunitaja. Usinijibu hilo leo. Kama ulisema ni maneno yako, hilo ni kosa lako na utalibeba, lakini lisisimamishwe mbele ya langu ili langu lifichike. Mimi nilikuwa na njia ya kuuliza. Ulirudi na nyanya baada ya nusu saa, ungenijibu. Ila katika hiyo nusu saa nilikwisha kuandika kwamba unashukuru kwa heshima kubwa, kwamba matatizo ya kifamilia yamekubana, na kwamba nafasi wampe mwingine anayestahili. Maneno mawili ya Kiingereza ya kukataa yalinitia shaka, nikayahakikisha kwa kioo chako. Nilipobonyeza kutuma sikutetemeka. Nataka ulijue hilo, maana watu wakikiri makosa hupenda kusema mkono ulitetemeka. Nilisikia raha.

Sababu ya kwanza ilikuwa hasira. Ya pili ilikuja baadaye nikaiona ni ya kweli kuliko ya kwanza: ukiondoka, mimi na hili duka hatuna tena kazi. Hapa Tabora watu wamekuwa wakiondoka tangu enzi za misafara, babu zetu walijitwika mizigo wakaenda pwani na kurudi, na kila nyumba ina mtu wake aliye mbali. Nilidhani nimelizoea hilo. Nilikuwa nimelizoea kwa watoto wa wengine.

Sasa nije kwenye siku ninayoiogopa. Yule mama wa ofisi ya Arusha iliyokuchagua alikupigia simu kuuliza kwa nini umejitoa, ukamwambia hujajitoa, wakakurudishia nafasi. Ungeweza kushukuru ukaishia hapo. Lakini alikutumia na ile barua ya kukataa, ukaichapa, na Zaituni alipobisha hodi saa tisa kama kawaida yake ulikuwa umeishika mkononi.

"Umefurahi sasa?" ukamwambia. "Ulikosa wewe, ukaona na mimi nikose."

"Kalunde, unaongea nini?"

"Neno langu la siri unalijua wewe tu. Haya, soma! Soma ulichoandika!"

Akaisoma. Ilimchukua muda. Kisha hakukuangalia wewe, aliniangalia mimi. Nilikuwa nabana karatasi za mteja kwa stepla.

"Baba," akasema, "wewe unanijua. Sema kitu."

Nami nikasema, haya ndiyo maneno yangu yenyewe, "Mambo yenu ya kisichana kayamalizieni nje, hapa kuna wateja."

Alikuwepo mteja mmoja. Zaituni akaiweka karatasi juu ya kaunta taratibu akaondoka, na wewe ukamfuata mpaka mlangoni ukimtukana mbele ya majirani. Jioni mama yako aliuliza kwa nini sili. Nikamwambia tumbo.

Nimekuwa nikijiuliza nilijifunzia wapi kumjibia mtu, na jibu ninalo, sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kabla ya duka nilikuwa na mashine ya kuchapa kwenye kibaraza karibu na soko. Watu walinieleza, mimi nikaandika. Siku moja akaja mama kutoka Ulyankulu, Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika na Kirundi kilimjaa mdomoni, lakini alilotaka lilikuwa wazi. "Mwandikie mume wangu asirudi. Mwambie nimebadilisha kufuli." Nilimwona kijana, ana watoto, nikamhurumia, nikaona ana hasira zitakazopoa. Nikaandika kwamba watoto wanamuulizia, arudi wayamalize. Nikamsomea kwa sauti yale aliyoyasema yeye, siyo niliyoyaandika. Akaweka dole gumba, akaondoka akinishukuru.

Alirudi baada ya mavuno, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Baba, uliniandikia nini?" Nikamwambia nimeandika kama ulivyosema. Akanitazama sana, kisha akashuka ngazi. Huwa namwona bado, siyo usoni, mgongo wake akishuka zile ngazi. Nilijiapia kwamba neno la mtu litatoka kama alivyolisema, na kweli kwa wateja nililishika. Miaka yote hiyo nikadhani nimepona.

Unakwenda kufanya kazi ya kutengeneza vitu vitakavyosoma na kutafuta kwa niaba ya watu usiowaona. Sikuhubirii, sina mdomo huo. Nakwambia tu nilichokiona kwenye kioo chako na sikukwambia kwa sababu ya wivu: kinatafuta neno lile lile mtu alilolishika. Hakiongezi, hakimwonei huruma. Siku utakapokiona kinaanza kumchagulia mtu neno bora kuliko lake, kifute, hata kama wakubwa zako wanakipigia makofi.

Jumapili uliniketisha unifundishe kukitunza ukiwa hupo. Ulikuwa unaongea nami kama mtu anayekabidhi ofisi. Ukafungua ukurasa nisiowahi kuuona.

"Hapa kuna kumbukumbu," ukasema. "Kila kinachoburutwa kinaandikwa, hata kama mtu hakubonyeza kioo. Niliweka ili nijue maneno gani yanawasumbua watu."

Ukashuka haraka haraka na orodha, na mimi nikaiona. Katikati ya maneno ya watu, neno moja hapa neno moja pale, kulikuwa na mistari mizima iliyofuatana, ya kwanza, ya pili, ya tatu, barua yote ya Arusha kama walivyoiandika wao. Chini yake maneno mawili ya Kiingereza ya kukataa. Tabora nzima hakuna mwingine anayesoma hivyo kwenye kompyuta. Ungesimama hapo kidogo tu ungejua. Hukuwahi kupekua huko, kwa kuwa mtu wako ulikwisha kumpata. Mama yako akaita chakula tayari, ukanionyesha pa kufutia orodha ikijaa, ukainuka.

Jumatatu nilifuta. Usidhani nakiri kwa sababu nimebanwa, na usiniondolee lawama kwa kudhani siku hiyo nilikuwa na nia ya kukiri. Nilifuta kila kitu, nikahakikisha mara mbili, mchana nikala ugali nikamaliza. Hakuna ushahidi tena popote isipokuwa karatasi hii.

Kilichonivunja ni jana. Zaituni alikuja dukani, mara ya kwanza tangu siku ile. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga shangazi zako. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba amekuja kutoka Ipole na asali. Hii mpe Kalunde ya safari. Ila usimwambie imetoka kwangu, ataimwaga."

Chupa ipo juu ya kabati la karatasi, nyuma ya wino. Nilikaa nayo mbele yangu mchana wote nikijaribu kukukasirikia, na kwa mara ya kwanza haikuwezekana. Hasira nilikuwa nayo, ila haikuwa na mahali pa kukaa.

Leo saa nne nilikwenda Chemchem, kwa kina Zaituni. Nimekwenda kabla ya kukuandikia kwa sababu najijua, ningekuandikia barua tamu, nikajisamehe mwenyewe katikati yake, na yeye angebaki msaliti. Alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Nilikataa kiti. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia mstari wa sita mpaka kwenye stepla.

Hakulia wala hakunitukana. Alikamua shati alilokuwa nalo, akalianika, ndipo akasema.

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Nilipoisoma. Nimekaa kwenye duka lako likizo ngapi? Kile ni Kiingereza chako. Hakuna msichana anayeandika hivyo."

Nikamuuliza mbona hakusema. Hapo ndipo alipokasirika, nami nimeyabeba maneno yake mpaka hapa nisiyapunguze, nakuandikia kama yalivyotoka.

"Ningemwambia nani? Angeniamini mimi akuache wewe? Wewe ni baba yake. Nilikuomba useme kitu, ukanifukuza. Nimekungoja miezi miwili, baba. Kila siku najiambia leo atasema. Wewe unaniona barabarani unaitikia shikamoo yangu kama hakuna kitu."

Nimekuwa na jibu la kila fomu miaka kumi na tisa, nikasimama pale kwenye maji ya sabuni sina hata moja. Mwisho nikamuuliza nikuambie nini kwa niaba yake, na nikajisikia nikiuliza, nikaona aibu. Akatikisa kichwa.

"Usimwambie kitu kwa niaba yangu. Mwambie ulichofanya. Ya kwangu nitayasema mwenyewe, akija."

"Na asipokuja?"

"Leo sitoki," akasema, akainamia beseni.

Kwa hiyo hayo ndiyo niliyo nayo. Sikuombi unisamehe kabla ya safari, maana msamaha wa stendi ni wa haraka na mimi sitauamini. Sikuombi uniage. Mama yako bado hajui, nitamwambia mimi leo jioni, usinitangulie na usinifichie. Ukifika Arusha na ukaona hutaki kunipigia, mpigie yeye, na mimi nitauliza kwake kama umefika. Kaunta buku nimeiweka ndani ya begi lako chini ya nguo. Kama waliambiwa ni yako, iwe yako. Kama waliambiwa ni yangu, waonyeshe mwandiko.

Bado nimekukasirikia kwa kicheko kile. Bado nakupenda kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kwenye duka hili, na hayo mawili yataendelea kukaa pamoja mpaka mmoja wetu apate cha kuyafanya.

Sasa ni saa kumi kasoro robo. Kutoka hapa mpaka kwa kina Zaituni ni mwendo wa dakika ishirini, na amekaa nyumbani siku nzima kwa ajili yako. Usikae kunitafuta nyuma ya duka ugombane nami kwanza. Mimi nitakuwepo. Nenda Chemchem.

Baba yako, kwa mkono wangu na kwa jina langu,
Filbert